Jana Ulikwenda Wapi?

Kazi yenyewe ilikuwa kuwauliza watu walikokwenda jana. Ukiisema hivyo inaonekana nyepesi, na mimi pia niliiona nyepesi siku nilipoitwa boma la Kasulu nikaambiwa amefika mtaalamu kutoka Dar es Salaam, anatafuta karani anayejua kusoma na kuandika, anayesema Kiha, na asiyechoka kutembea. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima nyakati za alasiri katika jengo la ushirika, na asubuhi nikilima na mama. Nikasema sichoki kutembea. Sikuwa najua ninasema nini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, watu wakiwa wamekwisha kuhamishiwa vijijini, nyumba zimepangwa mistari na mashamba yamebaki kulekule nyuma. Mtaalamu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miwani mizito na goti moja bovu lililomfanya ateremke vilima vyetu upande upande. Aliniita ndugu karani, nami nikamwita ndugu mtaalamu, kama tulivyoitana watu wote siku zile. Alinieleza kwamba miji midogo kama Kasulu na Kibondo itakua, na kabla haijakua inafaa kujua watu wake wanakwenda wapi, kwa njia gani na kwa muda gani, ili soko, mashine ya kusaga na zahanati viwekwe mahali watu wanapoweza kufika.

"Tukijua wanavyokwenda leo," alisema, "tutawapunguzia mwendo kesho."

Nilimwamini. Hata leo naamini kwamba yeye mwenyewe aliyaamini maneno hayo.

Alinipa ubao wa kushikizia karatasi, penseli mbili na rundo la fomu zilizopigwa chapa. Swali la kwanza liliuliza kama mtu alisafiri jana. Akisema ndiyo, unaandika safari yake ya kwanza: alikotoka, alikokwenda, saa ya kuondoka, saa ya kufika, alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli au kwa gari, na sababu. Halafu safari ya pili, na ya tatu, mpaka nane. Akisema hapana, unapiga mstari ukurasa wote na kwenda nyumba inayofuata.

Wiki ya kwanza nilikwenda mbio. Nyumba baada ya nyumba watu walinijibu kwamba hawakusafiri. Mmoja alicheka akaniuliza kama anafanana na mtu wa kusafiri, yeye asiyewahi kufika hata Kigoma. Nikapiga mistari. Jioni nilimpelekea mtaalamu fomu zangu, naye akazihesabu na kunisifu kwa wepesi wangu.

Nyumba zilichaguliwa kwa kuhesabu: unapita nyumba kadhaa, unaingia moja. Siku ya sita hesabu iliangukia kwetu, pembezoni mwa mji kwenye njia iendayo Titye. Nilimkuta mama uani, anatua mzigo wa mahindi kutoka kichwani. Nilimsaidia kuutua, nikamwambia aketi kwenye kigoda, nina kazi ya serikali naye.

"Mama, jana ulisafiri?"

"Nisafiri niende wapi, mwanangu?"

Nikaandika hapana. Penseli ilikuwa imekwisha kufika katikati ya mstari wa kuufuta ukurasa nilipoitazama miguu yake. Ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Jana yake alikuwa ametoka alfajiri kwenda mtoni, akarudi, akaenda tena. Akaenda shambani. Alasiri akabeba mahindi kwenda mashine ya mjini, akakuta imeharibika, akarudi nayo vilevile. Ndiyo hayo hayo mahindi niliyomsaidia kuyatua leo, maana alikuwa amekwenda nayo tena na mashine ilikuwa bado haijapona. Mimi nilikuwa nikilijua hilo, nalala naye nyumba moja, halafu nikaandika kwamba hakwenda popote.

"Mama, unaumwa miguu?" nilimuuliza.

"Hilo nalo liko kwenye karatasi?"

"Haliko."

"Basi niache nikabandike chungu."

Nilimkuta mtaalamu kwenye chumba alichopewa nyuma ya boma, goti lake amelifunga kitambaa cha maji ya moto. Nilimweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, akaziomba fomu, akazipitia moja moja, ukurasa mtupu baada ya ukurasa mtupu.

"Ngapi ziko hivi?"

"Karibu zote, ndugu mtaalamu. Watu hawasemi wamesafiri wakienda mtoni."

Alivua miwani akafuta macho kwa kiganja. "Hata kwetu pwani hawasemi," alisema. "Mama yangu angenicheka. Swali hilo nimeliandika mimi mwenyewe, tena kwa Kiswahili." Kisha akasema neno lililonivunja moyo kuliko kama angenigombeza: "Turudie."

Tukarudia. Nyumba zilezile, watu walewale, na mvua ya masika imeshika. Sasa niliuliza hivi: jana, tangu ulipoamka, ulikwenda wapi kwanza? Halafu wapi? Halafu? Majibu yakawa marefu kama njia zenyewe. Nafasi nane hazikutosha. Niligeuza karatasi nikaandika nyuma. Mzee mmoja mwenye duka la nguo, ambaye ukoo wake ulitoka pwani na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua kinywa, aliniambia amekwenda msikitini mara tano.

"Na hiyo unaiandika?"

"Naiandika, shikamoo."

"Marahaba. Basi andika na kurudi, maana sikulala huko."

Huyo alinichekesha. Wengine hawakuchekesha. Mama wa watoto sita alianza kunihesabia njia zake za jana, akafika ya saba, akasema hakujua kwamba ni nyingi hivyo, na sasa nimemchosha. Tangu hapo nilianza kuona aibu nikibisha hodi. Nilikuwa naingia kwa watu waliochoka, nawauliza wachoke tena kwa mdomo.

Gari la kazi lilivunjika springi, likabaki Kasulu kungojea kipuri. Kibondo tulikwenda kwa lori la mizigo, mimi juu ya magunia ya maharage pamoja na wanawake wengine, yeye mbele kwa sababu ya goti. Mjini Kibondo tulimaliza kwa siku chache, maana mji wenyewe ulikuwa boma, maduka, soko na mitaa michache. Kazi kubwa ilikuwa vijiji vya kandokando ambavyo watu wake huingia mjini. Kila asubuhi nilitoka nikiwa nimevaa katambuga, zile ndara za mpira wa gari, na kila jioni nilikaa kitandani nikizitazama nyayo zangu kama za mtu mwingine.

Katika kijiji kimoja kipya nilimkuta mwanamke mwenye umri wa kama miaka thelathini, aliyevuka na jamaa zake kutoka Burundi miaka michache nyuma na kupokewa na ndugu wa upande wa mama. Mumewe alikuwa ametangulia kwenye kazi ya tumbaku upande wa Tabora. Kirundi chake na Kiha changu vilielewana bila shida. Alikuwa na mtoto mchanga, na nilivyoketi niliona anamnyonyesha titi moja tu, huku mkono mwingine ameuweka mbali na mwili kama aliyebeba yai kwapani.

"Jana ulikwenda wapi, dada?"

"Kwenye kituo cha afya."

"Juzi?"

"Hukohuko."

"Na kabla ya hapo?"

"Siku ya soko pia nilikwenda. Mara tatu, mwalimu." Waliniita mwalimu wengi, kwa ajili ya penseli.

Niliandika. Kwa miguu. Aliondoka jua halijatoka, akafika jua limepanda. Sababu: matibabu. Alifika: ndiyo. Kisha nikamuuliza jambo ambalo halikuwa kwenye fomu, dawa gani alipewa.

"Sijapewa. Nikifika namba zimekwisha."

Alinieleza polepole, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Dirishani walitoa vibati vya namba, na vibati vikiisha huna la kufanya ila kurudi kesho. Wanaokaa karibu huwahi. Yeye anatoka mbali, na kuna kijito cha kuvuka, na mvua ikinyesha usiku lile gogo la kuvukia linazama, inabidi kuzunguka.

"Nionyeshe," nilisema.

Alifungua khanga. Titi lilikuwa limevimba, jekundu, linang'aa, na joto lake nililisikia kabla sijaligusa.

Jioni nilimwomba mtaalamu ruhusa ya kufuatana na huyo mwanamke kesho yake, nipime njia kwa saa yake ya mkononi. Alikubali upesi, maana kwenye ramani alikuwa ameipima kwa rula na hakuona kwamba ni mbali. Alinifunga saa mwenyewe, akaniambia niandike muda wa kila kituo.

Tuliondoka kukiwa bado na giza la alfajiri. Yeye mtoto mgongoni, mimi na ubao wangu nimeuzungushia nailoni. Niliandika: kutoka nyumbani. Niliandika: kilima cha kwanza. Kijito kilikuwa kimejaa, gogo halionekani, tukazunguka kwenye mawe ya juu na kupoteza muda ambao rula isingeuona. Baada ya hapo alianza kusimama mara kwa mara. Hakusema anaumwa. Alisimama tu, akafumba macho, akaendelea. Mara ya mwisho aliposimama nilimwambia anipe mtoto, akanipa bila kubisha, na hapo nikajua hali yake.

Tulifika uani mwa kituo watu wamekaa wamejaa, kila mmoja na kibati chake mkononi. Mhudumu wa dirishani alitutazama hata kabla hatujasema.

"Zimekwisha, mama. Njoo kesho."

Mwanamke yule aligeuka kutafuta mahali pa kukaa anyonyeshe kabla ya kuianza njia ya kurudi. Hakuwa na hasira. Nadhani ni kule kukosa hasira kulikonishinda. Nilitoa barua yangu ya boma, yenye muhuri, iliyowaomba watumishi wote wanisaidie katika kazi yangu, nikaipitisha dirishani.

Mhudumu aliisoma. "Hii inasema usaidiwe wewe."

"Huyu yuko kazini nami."

"Kazi gani?"

"Ya kupima njia," nilisema.

Alikwenda nayo ndani. Akatoka muuguzi, mama mnene wa umri wa mama yangu, hakuitazama hata barua. Alimfungua yule mwanamke khanga pembeni ya ukuta, akamgusa kwa upande wa nyuma wa kiganja, akasema, "Siku ngapi hili?" na kabla hajajibiwa akamshika bega akamwingiza.

Nilikaa na mtoto barazani. Walilipasua jipu. Nilimsikia akivuta pumzi, nikasikia bakuli la bati, sikumsikia akilia. Mtoto alinikojolea, nikamwacha. Mbele yangu, nje ya seng'enge, walikuwa watu wengine waliofika wakakosa vibati. Mzee mmoja alikuwa amefunga jicho kwa kitambaa cheusi. Alikuwa ameona yote, barua na mlango kufunguka. Alinitazama kwa lile jicho moja kwa muda, si kwa ubaya, kisha akajitwika mfuko wake akaanza kurudi alikotoka. Barua nilikuwa nayo moja, na nilikuwa nimekwisha kuitumia. Nimekutana na mambo mazito kuliko hilo maishani, lakini mgongo wa yule mzee bado nauona.

Tulirudi polepole, mvua imetupata njiani. Mwanamke alikuwa mwepesi zaidi, anasema sasa, ananiuliza kama nina mchumba. Nilimfikisha nyumbani, nikaendelea mpaka Kibondo, nikafika nimelowa mpaka kwenye nyuzi za nywele.

Mtaalamu aliisoma karatasi yangu ya muda kwa furaha kwanza. "Saa mbili na nusu! Angalia tofauti na ramani." Kisha akafika chini, nilipoandika habari za barua. Uso wake ukabadilika.

"Ndugu karani, hii siwezi kuitumia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeiingilia. Bila wewe huyu mama asingetibiwa leo. Safari hii si yake, ni yako. Kazi yetu ni kuandika watu wanavyokwenda, si kuwabeba." Akachukua kalamu nyekundu akaipiga fomu mstari kutoka pembe hadi pembe.

Nilikuwa nimesimama, maji yananidondoka sakafuni. Sikuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu wakati mwingine unamtoa mtu adabu.

"Basi tumia zile tatu za kwanza," nilisema. "Hizo ni zake peke yake."

"Hizo zimo. Nimeziona. Zote tatu amefika."

"Amefika wapi, ndugu mtaalamu? Amefika ukutani. Ameutazama ukuta wa kituo akarudi. Kwenye karatasi yako ameandikwa mara tatu kwamba amefika kwenye matibabu, na jipu anarudi nalo. Mama yangu alifika mashineni siku mbili na unga hatukula. Umewaandika wote kwamba wamefika."

Nilikwenda chumbani kwangu, nikavua nguo zilizolowa, nikajifunika blanketi nikiamini kwamba asubuhi nitaambiwa nirudi Kasulu.

Asubuhi nilimkuta mezani na fomu zote amezipanga. Macho yake yalikuwa mekundu. Chini ya kila ukurasa, penye nafasi ndogo iliyobaki, alikuwa ameandika swali kwa mkono wake, kwa penseli, fomu moja baada ya nyingine: Ulichokifuata, ulikipata?

"Itabidi kurudi tena kwa watu," alisema bila kunitazama.

"Wote?"

"Wa Kibondo wote. Kasulu tukijaliwa gari."

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti nikaziinamia katambuga zangu, na machozi yakanitoka kwa sababu ya miguu tu. Naye akaondoka akanichemshia chai, jambo ambalo mwanamume wa cheo chake hakulifanya siku zile, akaniwekea mbele.

Tulirudi. Watu walikuwa wamenichoka. "Umesahau nini tena?" waliniuliza mlangoni. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba tangu nianze kuja kuuliza anavyokwenda, anachelewa kwenda. Nilimwomba radhi. Lakini walijibu, na swali lile la mwisho walilijibu upesi kuliko yote, bila kufikiri. "Nilifuata chumvi dukani, nikaikosa." "Nilimfuata katibu, alikuwa mkutanoni." "Nilikwenda kumwona dada yangu, nikakuta wamehamishwa." Niliandika hapana nyingi mpaka neno lenyewe likanikimbia maana, kama neno lolote ukilirudia sana.

Kasulu hatukupata gari. Masika yalipopungua mtaalamu aliondoka na fomu zake katika sanduku la bati. Alinipa mkono, akanishukuru, akasema ataniletea nakala ya ripoti. Ripoti ilifika kweli, baada ya muda mrefu, kwa anwani ya boma, nayo ilikuwa kwa Kiingereza. Mtumishi mmoja alinisomea kurasa chache. Ilikuwa na michoro mizuri ya duara na mishale. Lile swali la penseli lilikuwa mwishoni, katika aya moja, ikisemwa kwamba linahitaji kuchunguzwa zaidi. Ikawekwa kabatini, na sijui kama kuna mtu aliyeitoa tena.

Kilichobadilika kilitokana na kinywa, si na ripoti. Kabla ya kuondoka Kibondo nilikwenda kumshukuru yule muuguzi, na katika mazungumzo nikamweleza habari za kijito na gogo, na kwamba wa mbali hawawezi kuwahi hata wakiamka saa ngapi. Alishangaa. Miaka yote alikuwa akidhani wanaochelewa ni wavivu wa kuamka. Akaanza kuweka vibati vichache kando kila siku kwa watu wanaotoka ng'ambo ya maji. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Jambo hilo lilidumu mpaka alipohamishwa. Aliyemfuata hakulijua, au hakulitaka.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kudumu ya kisomo, ikanipeleka upande wa Kakonko, na siku moja nikipita soko la Kibondo nilishikwa mkono. Ni yeye, mwanamke wa kile kijiji, mtoto anasimama kwa kushika khanga ya mama yake. Kwenye khanga alikuwa amefunga chumvi. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana habari za nyumbani. Mumewe alikuwa amerudi. Kijitoni wanaume walikuwa wameweka magogo mawili.

"Na wewe, mwalimu, bado unawauliza watu wanakokwenda?"

"Nimeacha. Sasa nafundisha kusoma."

"Kwetu mtakuja lini?"

Nilimwambia sijui, itategemea. Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayelifahamu vizuri neno hilo. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa kwao. Alimpandisha mtoto mgongoni, akamkaza kwa khanga, akaniaga, akashika njia.